Ratili Nne na Nusu

Ukikaa na watu wa shabaha hapa Ohio, haichukui muda mazungumzo yakafika kwenye triga, yaani kile kifyatuo cha bunduki kinachovutwa kwa kidole. Huyu anataka yake iwe nyepesi, yule ameshaagiza springi za kubadilisha, mwingine ana tupa mkononi na anasubiri mtu wa kumwambia "endelea". Makala hii ni ya huyo mwenye tupa, hasa kama ni Mswahili mwenzangu aliyehamia huku, akajiunga na klabu, akapata bunduki ya M1 Garand ya zamani, na sasa anaona kidole chake kinashindana na bunduki. Ninachotaka kumwambia ni kimoja: asitafute wepesi. Atafute triga ambayo anajua itaachia wapi, na ambayo inaachia hapo hapo kila mara. Hiyo ndiyo nzuri, hata ikiwa nzito.

Na uzito wenyewe hatuuchagui sisi. Mashindano tunayoshiriki yako chini ya CMP, shirika linalosimamia mambo ya shabaha kwa raia wa Marekani, ambalo pia huuza hizi Garand zilizotoka jeshini kwa raia waliotimiza masharti. Kanuni zake zinasema triga ya bunduki ya aina ya kijeshi isiachie chini ya ratili 4.5, yaani kilo 2 na gramu chache. Wanapima kwa njia ambayo fundi wa mizani sokoni angeielewa mara moja. Bunduki inakuwa tupu, imekokiwa, kizuizi cha usalama kimefunguliwa, mtutu unatazama juu. Chuma cha ratili 4.5 kimekaa mezani na kimeungwa kwenye ndoano ndefu. Ndoano inapachikwa kwenye triga, kisha bunduki inanyanyuliwa taratibu mpaka chuma kiachane na meza. Nyundo, kile chuma cha ndani kinachogonga ili risasi iwake, ikibaki imeshikwa, umepita. Ikilia "tak", bunduki yako haiingii uwanjani mpaka irekebishwe.

Nimeona wanaume wazima wakikosa raha mbele ya meza hiyo. Unaona mikono inavyoinua bunduki polepole, macho yamekaza kwenye chuma, pumzi imezuiwa. Karibu kila mara anayefeli ni yule aliyetafuta wepesi. Alisugua, akasugua, akaipunguza mpaka ikamfurahisha nyumbani, na safari yote ya kwenda Camp Perry, kando ya Ziwa Erie karibu na Port Clinton, ikaishia kwenye foleni ya fundi. Mashindano ya kitaifa yamekuwa yakifanyika pale tangu 1907, na watu husafiri kutoka majimbo ya mbali kuyafuata. Kurudishwa mezani kwa sababu ya triga ni jambo la kuumiza.

Hata hivyo namuelewa kabisa mtu anayeililia triga yake. Garand bila risasi ina uzito wa ratili 9.5 hivi, kilo 4.3. Kwa hiyo hata triga iliyo halali kabisa inamtaka mpigaji avute kwa nguvu inayokaribia nusu ya uzito wa bunduki yote, na avute bila bunduki hiyo kusogea. Fanya hesabu uone jambo lenyewe lilivyo. Kutoka kwenye tundu la nyuma la kulengea mpaka kwenye ncha ya mbele ni inchi 28 hivi. Ncha hiyo ikihama milimita moja tu wakati kidole kinamalizia kuvuta, basi kwenye shabaha iliyo yadi 200 risasi imehama sentimita 25 na ushee. Duara la alama 10 kwenye shabaha ile lina kipenyo cha inchi 7, ambayo ni kama sentimita 18. Maana yake ulikuwa umelenga katikati kabisa, pumzi imetulia, macho yanaona vizuri, halafu kwa milimita moja ya mwisho ukapata 7. Hakuna kinachouma kama 7 ya namna hiyo, kwa sababu unajua ulikuwa na 10.

Tulio wengi kutoka Tanzania bunduki ya kwanza kuishika ni ile tuliyoizoea kwa jina la SAR, iliyobuniwa na Mrusi Simonov mwaka 1945, ya risasi kumi. Mimi niliishika JKT. Triga yake ilikuwa ndefu na yenye mchanga ndani yake, unavuta, inakwama, unavuta tena, inasogea kidogo, hujui lini itaachia. Afande alikuwa akipita nyuma yetu tumelala kifudifudi akirudia neno lile lile: "Kuruta, minya! Usinyakue!" Lilikuwa neno sahihi. Lakini kumwambia mtu aminye triga inayokwaruza ni kumtwisha kazi ngumu, maana kila inapokwama akili inajua mshindo uko karibu, na mwili unajikaza kuusubiri. Triga inayokwaruza ndiyo inayomfundisha mtu kunyakua. Hapo ndipo ubora wa triga unapoingia, na ndiyo maana sikubaliani na wazee wa klabu wanaosema triga haina maana, kidole ndicho kila kitu. Kidole hujifunza kutokana na kile kinachogusa.

Sasa tuingie ndani ya Garand, kwa sababu mtu akishaelewa kinachotokea mle ndani, tupa inarudi yenyewe kwenye sanduku.

John Garand, mzaliwa wa Quebec, aliibuni bunduki hii katika kiwanda cha jeshi cha Springfield, nayo ikapitishwa rasmi mwaka 1936. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 5. Aliifanya ifunguke kirahisi sana. Ukishahakikisha haina risasi, unavuta kilinda triga, kile chuma kinachoizunguka triga, kwenda chini, na fungu lote la triga linatoka mkononi mwako likiwa kitu kimoja. Ndani yake kuna nyundo yenye ndoano za mbele na ndoano za nyuma. Kuna triga yenye meno mawili upande wa mbele. Nyuma ya triga kuna kishikio kidogo kilichofungwa kwa pini. Na kuna springi moja.

Bunduki inapokuwa tayari kupiga, meno ya triga yameshika ndoano za mbele za nyundo. Unapoanza kuvuta, meno yanateleza taratibu kuelekea ukingoni. Hii ndiyo hatua ya kwanza, ndefu na laini. Kisha kishikio cha nyuma kinaigusa nyundo na unahisi ukuta. Kidole kimefika mahali pagumu. Hapo umebakiwa na safari fupi sana. Ukiongeza nguvu kidogo, meno yanaachia na nyundo inaruka. Aliyejifunza kuendesha gari la gia anaujua ukuta huu kutokana na klachi: mguu unapita sehemu isiyo na kazi, unafika pale gari linapoanza kutetemeka, na kuanzia hapo ndipo unapoendesha kweli.

Kishikio cha nyuma kina kazi nyingine ambayo ni kubwa kuliko hiyo. Risasi ikishatoka, gesi inasukuma bolti, chuma kinachofunga chemba ya risasi, kwenda nyuma, bolti inalaza nyundo, na yote hayo yanatokea kabla kidole chako hakijawahi kurudi. Triga bado imevutwa. Meno ya mbele hayawezi kushika chochote. Kwa hiyo kishikio cha nyuma ndicho kinachoidaka nyundo na kuishikilia, na utakapoachia triga, nyundo inahama kutoka kwake kwenda kwenye meno ya mbele. Kuhama huko unakusikia kwa sikio, "tok", na unakuhisi kidoleni. Bila udakaji huo bunduki ingeendelea kupiga yenyewe au nyundo ingefuata bolti bila mpangilio. Watu waliowahi kuifungua SMG yetu, yaani AK, wakiitazama Garand huguna, kwa sababu mpangilio wa ndoano zile unafanana sana.

Uzuri wa hatua mbili uko hapa. Bunduki inapokuwa imetulia, meno yameshika kwa kina, kwa hiyo ikigongwa au ikianguka nyundo haitoki kirahisi. Unapokuwa umekwishaamua kupiga na umepita hatua ya kwanza, mshiko unaobaki ni mdogo, kwa hiyo unaachia kwa usafi. Usalama na usafi vyote viwili unavipata, na hukulazimika kuuza kimoja ili ununue kingine. Na ule uzito wa ratili 4.5 hauji wote kwa mpigo: sehemu kubwa umeshaibeba kwenye hatua ya kwanza, na kinachobaki ukutani ni kidogo. Mtu anayeshika Garand iliyorekebishwa vizuri akaambiwa ina ratili 4.5 mara nyingi habadiliki uso, anadhani anadanganywa.

Mwenye tupa anapoona nyuso zile mbili zinazogusana, ya meno na ya ndoano, anadhani akizisugua kidogo mambo yatakuwa laini. Yanakuwa laini kweli. Ila nyuso zile zina pembe yake. Ukiibadilisha pembe kidogo tu, springi inaanza kuisukuma nyundo itoke badala ya kuivuta ikae. Ukizipunguza kina, kishikio cha nyuma na meno ya mbele vinapoteza maelewano yao: huenda nyundo ikaachiwa na kimoja kabla kingine hakijaidaka. Bunduki iliyoharibiwa hivyo inaweza kupiga risasi mbili kwa mvuto mmoja, au kupiga pale unapoachia bolti iende mbele. Risasi ya pili inatoka wakati mtutu umeshainuka na hujui unatazama wapi. Na mbele ya sheria ya shirikisho ya tangu 1934, bunduki inayotoa risasi zaidi ya moja kwa mvuto mmoja wa triga inaingia kwenye kundi la bombomu. Chuma kikishaondolewa hakirudi. Kazi ya jiwe la kunolea kwenye nyuso zile ni ya fundi wa bunduki aliyesomea, mwenye vifaa vya kushikilia pembe na darubini ya kutazamia, na mwenye sehemu za akiba pembeni akiona hii haifai.

Springi nayo iachwe. Nimesema iko moja, na sikusema bure. Springi hiyo hiyo inairusha nyundo mbele na hiyo hiyo inairudisha triga. Ukiikata pingili mbili ili triga iwe nyepesi, umeipunguzia nyundo pigo lake. Siku ya baridi, grisi imeganda, unavuta na kinachotokea ni "tak" kavu, kwa sababu pigo halikutosha kuwasha risasi. Kwenye raundi ya haraka, ambapo una sekunde 80 za kupiga risasi 10 na ndani yake kubadilisha klipu, kile kibanio cha chuma kinachoshika risasi, hiyo ni raundi iliyokwisha.

Basi mtu afanye nini? Asafishe. Nasema hivi kwa uzito wote. Garand nyingi zinazosemwa kuwa na triga mbaya zina uchafu wa miaka mingi: grisi ya kuhifadhia iliyokauka ikawa gundi, masizi, vumbi la mbao. Fungu la triga likitolewa, likaoshwa kwa mafuta ya kusafishia, likafutwa mpaka kitambaa kinatoka cheupe, likapakwa grisi kidogo pale chuma kinapokutana na chuma, mkwaruzo wote wakati mwingine unaondoka na kazi imeishia hapo. Garand ni bunduki ya grisi. Jeshi lenyewe liliipaka grisi sehemu zinazosuguana kwa sababu mafuta mepesi yanakimbia joto na mvua. Matone mawili ya mafuta ya cherehani hayatoshi.

Kisha atazame mbao. Fungu la triga ndilo linaloibana bunduki yote kwenye mbao zake: ukikifunga kile kilinda triga, chuma cha juu na cha chini vinakaza mbao katikati. Mbao zilizochoka, zilizolowa mafuta miongo mingi, zimebonyea. Kilinda triga kinafunga bila upinzani, na ukilishika fungu la triga unahisi linacheza. Bunduki hiyo unaweza kuitengenezea triga ya dhahabu na bado kidole kitakwambia ni mbovu, kwa sababu kidole kinavuta fungu zima kabla hakijavuta triga. Nikishika Garand ya mtu akinilalamikia triga, kitu cha kwanza kukitikisa ni hicho. Ubao mpya umetibu triga nyingi.

Baada ya hapo aangalie kama sehemu zimelika. Matundu ya pini yaliyopanuka, ndoano za nyundo zilizochakaa upande mmoja, kishikio kilichoviringika ukingoni. Kwa kuwa bunduki hizi zilitengenezwa kwa mamilioni, sehemu zake zinapatikana na zinabadilishana. Kujaribu nyundo nyingine nzuri ni salama kuliko kuisugua uliyonayo. Fundi wa klabu yetu, mzee mstaafu mwenye mikono inayotetemeka mpaka anaposhika bisibisi, ana kopo la nyundo za zamani. Huchukua moja, huiweka, hukoki, huvuta akiwa amefumba macho, hutikisa kichwa, huitoa. Huchukua nyingine. Anaweza kukaa hivyo muda mrefu hajasugua chochote. Halafu inakuja moja anayoivuta na kubaki ametulia, kisha anaivuta tena na kunipa mimi bila kusema kitu. Na ni kweli, ukuta uko wazi, hakuna mkwaruzo, inaachia. Hapo ndipo anapochukua jiwe, kama bado lina kazi, na mara nyingi halina.

Chochote kitakachofanyika, ukaguzi wa mwisho haurukwi. Bunduki tupu, chemba imetazamwa kwa macho na kwa kidole. Koki, vuta triga na uishikilie nyuma. Ukiwa bado umeishikilia, vuta bolti nyuma na uiachie. Sasa legeza triga polepole: usikie ile "tok", na nyundo ibaki imekokiwa. Vuta tena, iruke. Kisha weka usalama, vuta triga kwa nguvu, ondoa usalama: nyundo isisogee. Rudia mpaka uridhike, kisha rudia tena. Na siku ya kwanza uwanjani weka risasi moja, halafu mbili, kabla ya klipu kamili. Bunduki inayoshindwa hata mara moja kati ya hizo inarudi kwa fundi siku hiyo hiyo.

Wanaotumia bunduki ya AR-15, na ndio wengi kwenye mistari ya Perry siku hizi, wana njia fupi. Triga ya kawaida ya bunduki hiyo ni ya hatua moja na chuma chake ni kigumu juu tu, ngozi nyembamba. Ukiipitisha jiwe mpaka ukaitoboa, chini ni laini na kitalika haraka. Wasiisugue. Wanunue fungu zima la hatua mbili lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Geissele wa Pennsylvania wanalo moja lililopangwa ratili 2.5 hatua ya kwanza na 2 ya pili, ambazo zikijumlishwa ni zile zile 4.5. Linaingia kwa pini mbili. Sina la kuongeza hapo, isipokuwa kwamba nalo likaguliwe kama nilivyosema juu.

Vile vifaa vingine vinavyouzwa ili bunduki iteme risasi haraka zaidi sivizungumzii na sivitaki mkononi mwangu. Mtu anayetaka kelele na anayetaka 10 wanatafuta vitu viwili tofauti, na baada ya mauaji ya Las Vegas ya Oktoba 2017, ambapo vifaa vya namna hiyo vilitumika, sioni vipi mtu wa shabaha avitetee.

Bunduki ikishakuwa sawa, ndipo kidole kinapodaiwa. Mpwa wangu, binti anayesomea uuguzi, alianza shabaha na Garand yangu ikiwa imeshapita kwa fundi. Akavuta mara ya kwanza, tupu, ukutani akasimama. "Mjomba, imekwama."

"Haijakwama. Umefika. Ongeza kidogo."

"Nikiongeza itapiga."

"Ndiyo, mama. Ndiyo kazi yake. Ila usiichagulie sekunde. Wewe ongeza tu, uangalie ncha ya mbele."

Tulimwekea sarafu ya senti kumi juu ya mtutu, karibu na ncha, akiwa amelala. Nyundo ikiruka na sarafu ikibaki, amevuta vizuri. Ikianguka, kidole kimesukuma pembeni. Garand haidhuriki kwa kuvutwa tupu, kwa hiyo anaweza kufanya hivyo sebuleni jioni nzima, risasi zote zikiwa zimefungiwa chumba kingine. Mwanzoni sarafu ilikuwa ikianguka kulia, daima kulia, na tukaona ni kwa sababu alikuwa anaingiza kidole mpaka pingili ya pili. Akakirudisha kwenye nyama ya ncha, pingili ya kwanza, akahakikisha upande wa kidole haugusi mbao. Sarafu ikaanza kukaa. Ana mikono midogo na hajawahi hata mara moja kulalamika kwamba ratili 4.5 ni nyingi. Analalamikia jua, mkanda unaombana mkono, na kupiga akiwa amesimama, ambako hata mimi nalalamikia.

Kuhusu kipimo, ushauri wangu ni kutoisogelea ratili 4.5 kabisa. Triga hubadilika: sehemu zinazoeana, grisi inalainika kwa joto la Julai, na iliyopima 4.5 kamili majira ya baridi inaweza kuangusha nyundo mezani kiangazi. Yangu nimemwomba fundi aiache kwenye 5 kasoro. Nina chuma changu cha kupimia, nakipachika kabla ya kila shindano na tena nikirudi, na namba naiandika kwenye daftari lile lile ninaloandikia upepo na alama. Ikianza kushuka kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, nalitoa fungu la triga, naliosha, nalipaka grisi upya na kupima tena. Ikiwa bado inashuka, nampigia mzee simu aandae kopo lake.